Prolaktini Inapozidi: Kabergolini, Bromokriptini, Upasuaji au Uangalizi Bila Dawa?

Uvimbe unaotoa homoni ya prolaktini, ambao madaktari huuita prolaktinoma, huchukua takribani asilimia 40 ya uvimbe wote wa tezi ya pituitari. Karibu kila mara si saratani, na hutibika kwa urahisi kuliko uvimbe mwingine unaotoa homoni katika tezi hiyo. Hata hivyo, anayegunduliwa kuwa nao hujikuta mbele ya njia zinazotofautiana sana: kidonge kimoja au viwili kwa wiki, vidonge vya kila siku, upasuaji kupitia puani, au kupima na kufuatilia tu bila tiba yoyote. Makala haya yanalinganisha njia hizo kwa ajili ya mgonjwa ambaye ameshapata majibu yake na anajiandaa kuzungumza na daktari.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo ni vitano. Cha kwanza ni nguvu ya njia yenyewe, yaani inashusha prolaktini kwa kiasi gani na inapunguza ukubwa wa uvimbe au la. Cha pili ni madhara yake. Cha tatu ni uzazi, kwa kuwa wagonjwa wengi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na mara nyingi kukosa mtoto ndiko kulikowafikisha hospitali. Cha nne ni muda: tiba itachukua miaka mingapi, na je, kuna siku itakwisha? Cha tano ni gharama na upatikanaji, jambo ambalo vitabu vya tiba hulipita haraka ingawa ndilo linaloamua kama mgonjwa atakuwa bado anameza dawa yake mwezi wa sita.

Vigezo hivi havina uzito sawa kwa kila mtu. Kwa yule ambaye uvimbe umeshaanza kubana mishipa ya fahamu ya macho, kigezo cha kwanza hutangulia vingine vyote. Kwa mwanamke mwenye uvimbe wa milimita nne anayetafuta mimba, kigezo cha tatu ndicho kinachoongoza.

Kwa nini kidonge huweza kusinyaza uvimbe

Tezi ya pituitari ina uzito wa takribani nusu gramu na imekaa katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Sehemu yake ya mbele hutoa homoni kuu sita: homoni ya ukuaji, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi, homoni inayoziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa kotisoli (homoni inayousaidia mwili kukabili msongo), homoni mbili zinazoongoza ovari na korodani, ambazo hujulikana kwa vifupisho vya LH na FSH, na prolaktini, ambayo kazi yake inayojulikana zaidi ni kuyawezesha matiti kutengeneza maziwa. Sehemu ya nyuma huhifadhi homoni mbili zinazoundwa na haipothalamasi, eneo la ubongo lililo juu ya tezi: oksitosini, inayoukaza mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua na kuyasukuma maziwa yatoke, na vasopresini, inayoziwezesha figo kubakiza maji mwilini.

Homoni nyingine za sehemu ya mbele hutolewa pale haipothalamasi inapotuma kichocheo. Prolaktini huenda kinyume cha hapo. Seli zake zikiachwa peke yake huitoa mfululizo, na kinachozizuia ni dopamini, kemikali ya ubongo inayoteremka kutoka haipothalamasi, ikifanya kazi kama breki iliyokanyagwa muda wote. Mtoto anaponyonya, breki hiyo hulegezwa na prolaktini hupanda. Kwa mantiki hiyo hiyo, dawa inayoziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hupandisha prolaktini. Uvimbe wa aina nyingine unaobana shina linalounganisha tezi na haipothalamasi huipandisha pia, kwa kuwa dopamini haifiki. Na dawa inayoiga dopamini huishusha. Seli za prolaktinoma kwa kawaida hubaki na vipokezi vya dopamini, kwa hiyo dawa ya namna hiyo huzifanya ziache kutoa homoni na kusinyaa. Hapa ndipo prolaktinoma inapotofautiana na uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji, au ule unaosababisha kotisoli kuzidi, ambao tiba yake ya kwanza kwa kawaida ni upasuaji. Anayeielewa hoja hii ataelewa pia kwa nini mgonjwa mwenye uvimbe wa sentimita tatu huweza kuambiwa aanze na vidonge, bila kudhani kwamba amepuuzwa.

Prolaktini ikizidi, huifanya haipothalamasi ipunguze kichocheo cha LH na FSH. Hedhi ya mwanamke huvurugika au hukoma, mayai hayapevuki, maziwa huweza kutoka bila mtoto wa kunyonya, na baada ya miaka mifupa hudhoofika kwa kukosa estrojeni. Kwa mwanamume testosteroni hushuka, hamu ya tendo la ndoa hupungua, nguvu za kiume hupungua na uwezo wa kuzalisha huathirika. Wanaume wengi huona haya kulieleza jambo hili, na hiyo ni sababu mojawapo ya uvimbe wao kugunduliwa ukiwa tayari mkubwa, pale kichwa kinapouma mfululizo au mtu anapoanza kugonga vitu vilivyo pembeni mwake kwa kutoviona.

Kabla ya kuchagua, hakikisha ni prolaktinoma

Kipimo cha damu kinachoonyesha prolaktini ya juu hakitoshi kuthibitisha uvimbe. Ujauzito huipandisha, vivyo hivyo thairoidi iliyolegea, figo zilizoshindwa kazi na hata msongo wa siku ya kutolewa damu. Dawa ndizo zinazosahaulika zaidi: haloperidoli, klopromazini na risperidoni zinazotumika kwa magonjwa ya akili, pamoja na metoklopramaidi na domperidoni zinazotumika kuzuia kutapika. Mgonjwa na ataje kila dawa anayomeza, hata ile aliyojinunulia duka la dawa kwa ajili ya kichefuchefu.

Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango cha kawaida huwa chini ya nanogramu 25 kwa mililita, na kwa mwanamume huwa chini kidogo ya hapo, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Kiwango kinachovuka 250 kwa kawaida huashiria prolaktinoma. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni pale MRI, yaani kipimo cha picha za kichwa kwa sumaku, inapoonyesha uvimbe mkubwa ilhali prolaktini imepanda kidogo tu, chini ya 100. Huenda huo ni uvimbe wa aina nyingine uliobana shina, ambao vidonge havitausinyaza. Au huenda prolaktini ni nyingi kiasi cha kukizidi kipimo chenyewe, kikatoa namba ndogo ya uongo. Maabara ikiizimua sampuli na kuipima upya, ukweli hujitokeza. Swali hili moja, likiulizwa mapema, linaweza kumwepusha mtu na upasuaji asiouhitaji.

Uvimbe ulio chini ya milimita 10 huitwa mdogo, na kuanzia milimita 10 huitwa mkubwa. Mgawanyo huu utarudi katika kila njia hapa chini.

Kabergolini

Hii ndiyo dawa inayopendekezwa kwanza na miongozo mingi ya kitaalamu. Huiga dopamini, hukaa mwilini kwa siku kadhaa, na kwa hiyo humezwa mara moja au mbili kwa wiki, kwa kuanzia na robo au nusu miligramu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994, uliowahusisha wanawake 459 waliokosa hedhi kwa sababu ya prolaktini kuzidi, uliipambanisha moja kwa moja na bromokriptini: prolaktini ilirudi kiwango cha kawaida kwa asilimia 83 ya waliotumia kabergolini, na kwa asilimia 59 ya waliotumia bromokriptini. Walioacha dawa kwa kushindwa kuvumilia madhara walikuwa asilimia 3 upande wa kwanza na asilimia 12 upande wa pili. Uvimbe nao husinyaa kwa wagonjwa walio wengi, na wenye uvimbe mkubwa huweza kuona vizuri zaidi ndani ya siku au wiki chache.

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kichwa kuuma, choo kigumu, na kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Kuimeza usiku baada ya chakula hupunguza sehemu kubwa ya adha hiyo. Hofu inayotajwa sana ni ya valvu za moyo kukakamaa. Tatizo hilo lilionekana wazi kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, waliomeza miligramu kadhaa kila siku. Dozi ya prolaktinoma kwa wiki nzima mara nyingi haifikii ile waliyomeza wao kwa siku moja, na kwa dozi hizo ndogo tatizo ni nadra. Hata hivyo anayetumia dozi kubwa kwa miaka mingi anastahili kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti.

Kuna dhara jingine ambalo naomba lisipuuzwe, kwa sababu mgonjwa huwa halihusishi na dawa yake: dawa zote zinazoiga dopamini huweza kudhoofisha uwezo wa mtu kujizuia. Mtu asiyewahi kucheza kamari hujikuta akibeti mshahara mzima, mwingine hununua ovyo, mwingine hushikwa na hamu ya ngono asiyoweza kuitawala. Mwenzi au ndugu wa karibu aelezwe mapema, maana yeye ndiye atakayeona kwanza.

Kuhusu uzazi, wanawake wengi hurudi kupevusha mayai ndani ya miezi michache, wengine hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza, kwa hiyo asiyetaka mimba aanze uzazi wa mpango pamoja na dawa. Kumbukumbu za mimba zilizotungwa mama akiwa anatumia kabergolini zinatia moyo, ingawa ni chache kuliko zile za bromokriptini. Kuhusu muda, dawa hutumika kwa angalau miaka miwili, kisha daktari huweza kujaribu kuipunguza na kuisitisha ikiwa prolaktini ni ya kawaida na uvimbe umesinyaa sana; wengi prolaktini yao hupanda tena, hasa katika mwaka wa kwanza, nao hulazimika kuianza upya. Bei ya kidonge kimoja kwa kawaida ni kubwa kuliko ya bromokriptini, lakini vidonge ni vichache. Ulinganisho wa haki ni wa gharama ya mwezi mzima.

Bromokriptini

Bromokriptini imetumika tangu miaka ya 1970, na inafanya kazi kwa njia ile ile. Hushusha prolaktini na kusinyaza uvimbe kwa wagonjwa walio wengi, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko kabergolini, kama namba za hapo juu zinavyoonyesha. Huondoka mwilini mapema, hivyo humezwa kila siku, mara nyingi mara mbili au tatu, na dozi huanza na miligramu 1.25 wakati wa kulala kisha hupandishwa polepole. Daktari anayeipandisha haraka humpoteza mgonjwa: kichefuchefu na kizunguzungu cha wiki ya kwanza ndivyo vinavyowafanya wengi waiache kabla haijaonyesha faida.

Nguvu yake iko katika uzazi. Hakuna dawa ya kundi hili yenye kumbukumbu ndefu zaidi ya mimba, na kumbukumbu hizo hazijaonyesha ongezeko la kuharibika kwa mimba au kasoro za watoto. Kwa kuwa huondoka mwilini haraka, mwanamke anayeiacha siku anapogundua ana mimba humwacha mtoto akiwa amekutana na dawa kwa muda mfupi tu. Kuhusu muda wa tiba, hali ni kama ya kabergolini. Mara nyingi ndiyo rahisi zaidi kwa bei, lakini faida hiyo hupotea kwa mtu anayesahau dozi, na dozi za kila siku husahaulika zaidi kuliko za Jumatatu na Alhamisi.

Upasuaji kupitia puani

Hermann Schloffer alifanya upasuaji wa kwanza wa pituitari kwa njia ya pua mjini Innsbruck mwaka 1907. Leo daktari huingiza kamera nyembamba kupitia tundu za pua, hufungua sakafu ya kishimo cha tezi na kuutoa uvimbe, bila kulipasua fuvu kwa juu.

Kwa uvimbe mdogo, mikononi mwa daktari mwenye uzoefu, prolaktini hurudi kawaida kwa wagonjwa watatu au zaidi kati ya wanne, na huenda mtu asihitaji kidonge tena. Kwa uvimbe mkubwa, hasa uliopenya pembeni kuelekea mishipa mikubwa ya damu, wanaofanikiwa hivyo mara nyingi hawafiki nusu. Kwa miaka mingi upasuaji uliachiwa walioshindwa dawa. Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa yaliyotolewa mwaka 2023 yaliupandisha, ili mwenye uvimbe mdogo, au mkubwa wenye mipaka iliyo wazi, aelezwe tangu mwanzo kwamba ni chaguo halali. Naona badiliko hilo ni la haki, hasa kwa kijana wa miaka 25 ambaye vinginevyo angetazamia dawa kwa miaka mingi.

Madhara yanatokana na ujirani wa tezi. Sehemu ya nyuma ikitikiswa, vasopresini hupungua na mgonjwa hukojoa sana na kusikia kiu isiyoisha, kwa kawaida kwa siku au wiki chache tu. Maji yanayozunguka ubongo huweza kuvuja kupitia puani na kufungua njia ya homa ya uti wa mgongo. Homoni nyingine za tezi huweza kupungua, na mgonjwa akahitaji kuzibadilisha kwa vidonge. Vifo ni nadra, chini ya mmoja katika mia. Yote haya hutegemea uzoefu wa timu kuliko jambo jingine lolote, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: kwa mwaka hufanya upasuaji mwingapi wa pituitari? Jibu lake lina uzito kuliko sifa ya jengo. Huduma hii hupatikana katika hospitali kubwa zenye wapasuaji wa ubongo, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Gharama huja mara moja na ni kubwa, lakini mgonjwa ailinganishe na ya dawa na vipimo vya miaka kumi.

Mionzi hutumika mara chache, pale dawa na upasuaji vinaposhindwa kuuzuia uvimbe. Huchukua miaka kuonyesha matokeo, na mara nyingi hupunguza homoni nyingine za tezi.

Uangalizi bila dawa

Uvimbe mdogo hukua mara chache: chini ya mmoja kati ya kumi hufanya hivyo ukiachwa bila tiba. Kwa hiyo mwanamke mwenye uvimbe mdogo ambaye hedhi yake ni ya kawaida, asiyesumbuliwa na maziwa na asiyetafuta mimba, anaweza kufuatiliwa kwa kipimo cha prolaktini na MRI kwa vipindi anavyopanga daktari. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyekoma hedhi kwa umri. Madhara ya dawa hayapo, na gharama ni ya vipimo pekee. Sharti lake ni kwamba vipimo hivyo vifanyike kweli.

Njia hii haimfai mwanamke kijana ambaye hedhi imekoma, hata kama kukosa hedhi hakumsumbui, kwa kuwa mifupa yake inaendelea kupungua nguvu. Akiwa hataki mtoto kwa sasa na uvimbe ni mdogo, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kumlinda. Damu atakayoiona kila mwezi haimaanishi kwamba prolaktini imeshuka, hivyo kipimo kiendelee. Kwa wanaume uangalizi peke yake hufaa mara chache, kwani wengi wao huja na uvimbe mkubwa au testosteroni iliyoshuka.

Kwa hali yako

Mwanamke mwenye uvimbe mdogo anayetafuta mimba anaweza kuanza na dawa yoyote kati ya hizi mbili; anayetaka kumbukumbu ndefu zaidi za usalama ataegemea bromokriptini, na asiyeivumilia ataegemea kabergolini. Mimba ikithibitishwa, dawa kwa kawaida husitishwa, na hatari ya uvimbe mdogo kukua hadi kuleta dalili ni chini ya watu watano katika mia. Baada ya kujifungua anaweza kunyonyesha. Dawa hizi hukausha maziwa, kwa hiyo hazirudishwi mpaka atakapoachisha, isipokuwa uvimbe wenyewe ulazimishe.

Mwenye uvimbe mkubwa anayetamani mtoto asikimbilie mimba. Kwa ambaye hajatibiwa kwanza, uvimbe huweza kukua na kuleta dalili kwa takribani mmoja kati ya watano. Ausinyaze kwanza kwa dawa au upasuaji, na wakati wa ujauzito apimwe upeo wa kuona kila miezi mitatu. Huenda daktari akaamua dawa iendelee hata akiwa mjamzito.

Uvimbe unaobana mishipa ya macho kwa kawaida huanza kutibiwa kwa kabergolini, macho yakipimwa kwa karibu, na upasuaji huwa tayari kama kuona hakurejei. Uvimbe mkubwa uliopenya mfupa ukisinyaa haraka huweza kuacha tundu. Maji mepesi yakianza kudondoka puani, mgonjwa arudi hospitali mara moja.

Aliyejaribu dawa zote mbili kwa dozi inayopandishwa polepole na bado akashindwa, anayejikuta ametawaliwa na kamari, au asiyetaka dawa za miaka mingi ilhali uvimbe wake una mipaka iliyo wazi, ana sababu nzuri ya kumwona mpasuaji. Anayeishi mbali na hospitali kubwa, kabergolini ya mara moja kwa wiki inaweza kumfaa kuliko bromokriptini ya kila siku, mradi duka la dawa lililo karibu naye halikosi akiba.

Mgonjwa anayetumia dawa za magonjwa ya akili asiongezewe kabergolini wala bromokriptini bila daktari wake wa akili kushirikishwa, kwa kuwa dawa hizi huweza kuamsha maradhi yaliyotulia; wala asiache dawa zake mwenyewe ili prolaktini ishuke. Mara nyingi hutosha kubadilishiwa dawa kwa ile isiyoipandisha sana, kama aripiprazoli.

Yeyote mwenye uvimbe wa pituitari, kwa njia yoyote aliyochagua, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika, kuona vitu viwili viwili au kupoteza uwezo wa kuona, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Huenda damu imevuja ndani ya uvimbe. Kotisoli huweza kushuka kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, na sindano ya haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, haisubiri majibu ya MRI.